Breki za Gari la Baba

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumapili asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu tele, zikikupungukia niambie nikuongezee. Hujambo huko? Kifua bado kinakusumbua baridi ikizidi? Unakula ukashiba, au unakula ilimradi siku ipite? Sisi huku wazima. Mama mzima, ni goti lake tu linalolalamika, na yeye analijibu.

Mimi usiniulize. Mimi nina bahati kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu. Tangu uondoke nina chumba kizima peke yangu, vitanda viwili nachagua, gari alilotuachia baba ni langu asubuhi na jioni, hakuna wa kuninyang'anya funguo wala wa kuniambia nipunguze redio. Nanenepa tu. Watu wananiuliza siri.

Barua yako ilifika. Umesema mwaka huu nao huenda usiweze kuja. Mama alinitaka nimsomee mara mbili, kisha akaikunja akaitia chini ya mto. Hakusema neno, na unamjua mama, akinyamaza yeye hata kuku wanaingia bandani mapema.

Haya, tuje kwenye gari. Juzi nilikuwa nampeleka kliniki kwa ajili ya lile goti. Kwenye mteremko wa kiwanda cha sabuni nakanyaga breki, pedali ngumu kama jiwe. Haizami. Nikaikandamiza kwa miguu miwili, gari likasimama shingo upande, mkia wa lori uko hapa, pua yetu iko hapa. Mama akafungua mlango, akashuka, akatembea na goti lake mpaka nyumbani. Alipofika akatoa hukumu: hapandi tena gari lile mpaka mwanawe mkubwa aje aikanyage breki mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, mimi nimeendesha magari ya mabalozi." Akasema, "Ndiyo maana mabalozi wanabadilishwa kila siku."

Nikaingia kazini. Unanijua, shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini gari nalisoma. Nikabadilisha mafuta ya breki. Nikafungua magurudumu yote, nikakuta pedi za breki ni nzima. Nikapaka grisi pale pedali inapoegemea. Bado ngumu. Akapita fundi jirani, yule tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake ya kioo kimoja. Akacheka. "Unamkanda mgonjwa miguu, kumbe anakosa pumzi." Akaniambia nizime injini, nikanyage-kanyage mpaka pedali ikaze, nisiondoe mguu, halafu niwashe. Mguu ukizama kidogo, pumzi ipo. Nikawasha. Mguu ulikaa palepale kama uko kwenye ngazi, na injini yenyewe inatetemeka kama mwenye homa. Maana yake ule upepo unaovutwa na injini haulifikii lile sufuria jeusi nyuma ya pedali, linaloupa mguu nguvu. Mpira unaounganisha injini na sufuria hilo unavuja mahali.

Sasa kaka, mpira huo niliujua kabla ya Profesa. Ni ule ulioufunga wewe kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli siku ile ya kuondoka, begi lako liko kwenye buti tayari, ukasema, "Hii itatufikisha mpaka nirudi." Nimefungua gari zima nikiukwepa. Profesa aliponionyesha mpira kwa kidole, mimi nikamwonyesha betri.

Kazi ile inataka watu wawili, wewe ndani, mimi kwenye boneti, ndivyo tulivyozoea. Nikainama nikaita, "Kanyaga." Kimya. Nikaita tena, ndipo nikakumbuka kwamba kwenye kiti hakuna mtu.

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akaja, akaketi nyuma ya usukani, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu nimjue.

"Nikanyage ipi?"

"Ya katikati, mama."

"Ngumu hii."

"Endelea tu."

Injini ikiwa inawaka, nikaupapasa mpira kuanzia mwanzo wake, taratibu, mpaka kwenye fundo lako. Hapo nikasikia fsss. Nikapafunika kwa kiganja nikabana. Mama akasema polepole, "Mguu umezama." Nikaachia, pedali ikagoma. Nikabana, ikazama.

Akauliza kumeharibika nini. Nikamwambia mpira umeachia palepale alipofunga kaka. Hakuondoa mguu kwenye breki.

"Si alisema mpaka arudi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi ukanda umefanya kazi yake. Yeye ndiye kachelewa."

Nimeweka mpira mpya na klipu kila upande. Pedali sasa laini kama unakanyaga unga, na mteremko wa kiwanda nimeushuka na kuupanda mpaka mlinzi ananiuliza kama nimepoteza kitu. Mama bado hapandi, anasema kuketi kwenye gari lililosimama si kupanda. Hukumu yake haina rufaa. Ule ukanda nilitaka kuutupa, akaniwahi, akafungia mlango wa banda la kuku. Anasema bado una nguvu.

Kwa hiyo kliniki anakwenda kwa miguu, kaka, na goti lile. Kila hatua anasimama, anajifanya anatazama maduka. Sikulazimishi, kazi ni kazi. Ila njoo ukanyage breki mara moja tu mbele yake, apande, kisha urudi zako.

Shangazi anakusalimu, anauliza utaoa lini, au unangoja yeye afe ndipo upike pilau bila kumwalika. Profesa anakusalimu kwa jicho lake lenye kioo. Mama hajatuma salamu, anasema atakupa mkononi. Mungu akulinde barabarani na kazini, akuepushe na baridi na mabosi wenye kisirani, na mlango utakaotokea uwe wa kuja kwetu.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja, nikupendaye hata ukichelewa,

Mdomo

Ile bahati niliyojisifia huko juu ni uongo. Chumba ni kikubwa mno, na kitanda chako sijakilalia hata siku moja.