Mbao za Mupini wa Pistola ya Tabora

Kisangani (Stanleyville),
14 Machi 1954

Mupendwa Tonton Octave, ndugu ya baba,

Jambo sana, Tonton. Uko muzima? Goti lako linakusumbua bado na baridi ya ziwa? Na kifua cha Tante Berthe, kimepoa? Sisi huku tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Odile, muke wangu, amejifungua mutoto mwanaume, munene kama samaki ya kapiteni, na analia mpaka majirani wananiuliza kama ninamupiga. Kule Tshopo wanaendelea kujenga barrage, ule ukuta wa kuzuia maji ya muto. Watu wanasema umeme utafika hata kwetu. Tutaona.

Bon. Sasa nikuelezee jambo lenye limenikalia kichwani tangu Jumamosi.

Unajua kazi yangu: vyerehani, makufuli, na bunduki za wawindaji. Alors akaja Bwana Stavro, ule Mugriki wa mashamba ya kahawa kule Bengamisa, mwenye anakusanya vitu vya vita vya zamani. Nyuma yake Mama Clothilde, mujane wa serjenti François wa Basoko, ameshika kitambaa kama amebeba mayai. Ndani yake, pistola! Marehemu aliiokota njia ya Tabora, katika vita ya kwanza na Wajeremani. Serikali ilimuruhusu aiweke nyumbani kama ukumbusho, walipokwisha kukata sindano yake ya kupigia risasi. Haiwezi kuua hata panya. Bwana alitaka kuinunua, lakini kwanza mimi nimwambie inastahili nini.

Na Mama alitaka kuuza sababu nyumba yake inavuja. Majani ya paa yameoza, analala na sufuria pembeni ya kitanda, na mvua kubwa iko njiani. Anatafuta bati.

Wee, Tonton! Nilipofungua kile kitambaa nilipiga kelele. Pistola inangaa kama kikombe cha misa. Nikauliza, Mama, umeifanya nini? Kumbe alikwenda nayo mutoni akaisugua na muchanga na majivu, vile tunasugua sufuria. Yeye ni muke wa askari, donc miaka yote kitu chenye hakingai siku ya inspection kilikuwa aibu ya nyumba nzima. Lakini watu wa vitu vya kale wanataka ile rangi nyeusi ya kiwandani, hata kama imekwaruzika. Ukiisugua, nusu ya bei imekwenda na maji. Bwana Stavro alishika kichwa. Mama naye akaniuliza kama siku hizi uchafu ndio una bei.

Unanijua lakini, sikuweza kuiacha hapo. Nikaifungua kipande kwa kipande. Kila chuma chake kina namba ndogo, na zote zilifanana, isipokuwa ya kile kikasha cha risasi. Nikatazama ndani ya bomba kwenye jua: kutu imekula kidogo, mistari ya kuzungusha risasi iko bado. Resoro, ile waya ya kusukuma risasi, iko na nguvu. Nikamwambia Bwana, pistola hii ni ya kweli kabisa.

Shida ilikuwa mupini. Pistola za Wajeremani zina mbao zenye mistari midogo kama wavu, na hizi zilikuwa laini, nyeusi, mbao za pori la huku kwetu. Nani aliziweka? Nikashika bisibisi, nikazitoa, nikazigeuza.

Tonton, ndani kulikuwa mikato mitatu, na mumoja unaikatiza. Alama ya nyumba yetu! Ile tunakata kwenye miti ya mitego pale maporomoko ya muto, kwetu Wagenia, ili mutu asidai samaki wa mwenzake. Hakuna nyumba ingine yenye inaikata.

Nikamuuliza Mama mbao hizo zimetoka wapi. Akasema marehemu alipigwa risasi ya muguu njia ya Tabora, wenzake wakapita. Mubeba mizigo mumoja akatupa sanduku lake, akamubeba mugongoni mpaka kwa muganga. Mupini ulipasuka pale serjenti alipoanguka, na ule mutu akakaa pembeni ya kitanda akachonga mwingine kwa kisu. Kisha wabeba mizigo wakaitwa, akaenda. Serjenti hakujua jina lake. Alimwita Mugenia tu, na mpaka kufa kwake alikuwa anamuulizia kwenye soko ya samaki.

Mama akazikamata zile mbao akazibana kifuani. Akasema chuma kiende, mbao hapana. Nikajua biashara imekufa, bati imekwenda. Kumbe Bwana anacheka! Mbao hizo si za Wajeremani, kwake hazina kazi, ataandika Ulaya wamutumie zingine. Akanunua. Lakini sababu ya ule muchanga bei ilishuka, bati zimetosha upande wa kulala tu. Jiko litangoja.

Ubao mumoja Mama ameuweka pamoja na medali ya bwana yake. Wa pili ndio huu ndani ya kitambaa, umepita treni ya Ponthierville na mashua ya Kindu mpaka kwako Albertville. Nilimwambia alama hiyo ni ya nyumba yetu, na wewe ulikuwa vitani. Anasema uushike, mukono wako utajua kazi yake. Anataka neno moja tu, ndiyo ao hapana, aende kumwambia serjenti kaburini.

Unisalimie Tante Berthe, dada Hélène na watoto wake, na muzee Zuberi jirani yako. Odile anakusalimia sana.

Tonton, tulipokuwa watoto tulikuuliza vitani ulifanya nini, na kila mara ulijibu ulibeba mizigo tu. Mbona hukutuambia kama muzigo mumoja ulikuwa mutu?

Mungu akulinde, wewe na mugongo wako huo.

Mutoto wako mwenye kukupenda,
Cyprien