Sigara ya umeme ya Baba Neema

Jumanne, 12 Agosti 2014

Kumbe sigara ya umeme nayo inachajiwa! Baba Neema kaletewa toka Dar aache tumbaku, maana kifua kinamuua. Nimeichomeka kwenye chaja ya simu, nikaifunika na mto, si unajua hapa mtaani watu wanavyopenda kusema. Mimi huyo, umbeya kwa jirani.

Kurudi, Mana yanje, Mungu wangu! Mto unanuka kuungua.

Nikakimbilia kwa Juma, yule anayechaji simu sokoni. “Mama Neema, utachoma nyumba! Tumia waya wake, weka mezani, usifunike, na usibanduke mpaka taa iwe kijani.”

Nimekaa naitazama kama maziwa jikoni. Nje mke wa mwalimu anagombana na wifi yake, siwezi kutoka! Taa inakuwa kijani, wao wameshapatana.

Baba Neema apone haraka. Habari zinanipita.