Samli ya Kutafuta Mtoto

Roselyne, nimetoka kwa yule mzee wa Ayurveda, dawa za Kihindi, huku Naif, Dubai. Sijui nilie ama nicheke.

Miezi mitatu mimi na Dancan tunameza samli yake chungu tupate mtoto. Miezi mitatu!

Leo ndiyo ameuliza, "Mnalala pamoja?"

Mume wangu akajibu kwa fahari, "Kitanda kimoja, daktari! Nikirudi asubuhi kutoka kulinda bandarini Jebel Ali, yeye ndiyo anaamka kwenda kazi."

KWA FAHARI, Rose!

"Na siku za off?"

"Yangu Jumapili, yake Jumatano."

Mzee akavua miwani. Akarudisha samli yake kabatini, akaandika kwa karatasi: "Off siku moja, wote wawili."

Dancan akaisoma polepole. "Na hii, daktari, ni kabla ya kula ama baada?"