Ndama Aliyepewa Jina Lako

Baba,

Nimejaribu kuanza na neno "mpendwa" na mkono umekataa. Basi pokea hivyo hivyo, Baba tu. Leo nitasema mpaka nimalize, maana hupo wa kunikatiza.

Nilikupenda, usidhani sikukupenda. Tukitoka shambani ulikuwa ukimenya muwa kwa meno, ukinipa kile kipande cha chini chenye utamu, wewe unabaki na cha juu. Nakumbuka pia alfajiri zetu za Shinyalu, ulivyokuwa unatoka na karai la molasi na mayai mabichi kumpelekea Tingatinga, fahali wako wa vita, wa kupiganishwa na mafahali wenzake uwanjani. Ulimwimbia kwa sauti laini ambayo hakuna mtoto wako aliyewahi kuimbiwa. Sisi tulikuwa jikoni na Mama, tukinywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa viazi vya jana.

Jairo, mwanao wa pekee wa kiume, alikuwa kidato cha pili ulipomtoa shuleni ili amtunze yule fahali. Ulisema fahali wa vita lazima awe na mtu wake, wa kumchunga mbali na majike, kumnoa pembe, na kumlinda asirogwe wiki ya mapigano. Mwalimu wake alikuja nyumbani kukusihi. Ukampa kiti, ukampa chai, ukamwambia, "Mwalimu, wewe unajulikananga na nani? Mimi natajwanga mpaka Ikolomani! Huyu kijana yangu atakuwa mtu." Mwalimu akainama, akamaliza chai yake, akaenda. Jairo alikuwa anacheka kwa furaha. Mvulana wa umri ule, uwanja mzima unaimba jina la ng'ombe wake, angeacha kucheka?

Mimi uliniacha nisome kwa sababu, kwa sheria zako, mwanamke akimkaribia fahali wa vita anampoza. Mwiko wako ndio ulioniokoa, Baba. Leo nashona sare za shule hapa Kakamega mjini, na kila nikipima mabega ya mvulana wa kidato cha pili, naona kinyaa. Si kwa mtoto wa watu. Ni kwako.

Ulipofariki mwaka jana, ndugu zako walileta mafahali kukuaga, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye jina. Ngoma za isukuti zikalia, mafahali wakakimbizwa kuzunguka boma, wakakanyaga mahindi ya Mama mpaka yakawa matope. Tingatinga alitangulia, Jairo ameshika kamba, jasho na machozi havitofautiani usoni. Kisha ndugu zako haohao wakamchinja Tingatinga, wageni wapate kitoweo. Niliwaona wakilamba vidole na kusifu mafuta yake. Jairo alikuwa amekaa nyuma ya nyumba na ile kamba mapajani. Kazi yake yote, elimu yake yote, watu walikuwa wanaichokonoa menoni kwa vijiti.

Nilichukizwa siku ile na sijapona.

Sasa mwanao ana miaka ishirini na sita. Analala katika isimba yake, kile kibanda cha kijana ambaye hajaoa ulichomjengea, mpaka jua la mchana limtoe. Kazi hana, shule hana. Akienda kuomba kibarua anaulizwa, "Unajua nini?" naye anageuka kurudi nyumbani, maana anachokijua kililiwa. Wenzake mliowaita wajinga kwa kuvaa kaptula za shule leo wanampita asubuhi wakienda kazini. Na watu wa kijiji waliomshangilia ndio wanaomwita mvivu. Mvivu! Mtu aliyeamka kabla ya jogoo miaka yote ile. Hao nao nawaonea kinyaa.

Nilimtafutia nafasi kwa fundi wa kuchomelea vyuma jirani na duka langu. Mikono yake ni myepesi, fundi mwenyewe alisema. Lakini Jumamosi ikifika, ngoma zikipita barabarani kuelekea uwanjani, Jairo alikuwa anaacha geti nusu na kuzifuata kama mtu aliyeitwa, mwisho akaacha kuja kabisa. Fundi alivumilia mpaka akachoka. Juzi kanieleza waziwazi, "Mama, Jumatatu ndio mwisho. Asipokuja, hii nafasi napea mwingine."

Nikampigia Jairo simu. Kumbe nyumbani kuna mgeni. Baba mdogo, yule ndugu yako anayekufuata, ameleta ndama dume wa kulelewa awe wa vita, amemfunga mbele ya isimba na kumpa jina lako. Jina lako kamili, Baba, lile lililo kwenye msalaba wa kaburi lako. Akamwambia mwanao, "Mzee amerudi. Sasa huna tena sababu ya kukaa bure." Wazee wote wakapiga makofi. Wamemnyang'anya ujana mara moja, wanarudi kuchukua kilichobaki, na safari hii wamekutuma wewe.

Jana Jairo mwenyewe alinipigia. "Dada, wambie wewe," alisema. "Nikikataa huyu ndama, watasema nimekataa mzee. Na nikimchukua, si basi mimi nimeisha?"

Hajawahi kuniomba kitu maishani mwake. Nilimwambia avue nguo za kuchungia, afue zile za kazi, aanike.

Kwa hiyo Jumapili nakuja nyumbani. Nitaifungua kamba ya ndama kwa mikono yangu, nimpeleke mpaka kwa Baba mdogo, nimfunge mlangoni pake, mchana, watu wakitoka kanisani. Watasema binti amemfukuza baba yake katika boma lake mwenyewe. Sitabisha. Nitakuwa nakufukuza kweli.

Kaa salama huko, Baba, na usirudi.

Ni mimi,
Binti yako wa kwanza