Mwiko Niliouosha

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti tu linalonisema vibaya kwa majirani. Mwambie mama yako pombe yake imeiva, povu limefika shingoni mwa mtungi, na fundi viatu ameshakuja na kikombe mara mbili.

Uongo huo. Mtungi umenyamaza kama mkwe ugenini. Siku mliyompeleka hospitali nilitaka akirudi anisifu. Nikachukua ule mwiko wake wa kukorogea pombe, mweusi kwa miaka thelathini, nikausugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka ukawa mweupe kama jino la mtoto. Kumbe chachu yote ilikuwa inaishi mle.

Usimwambie.

Baba yako, mtu msafi

12 Machi

Baba, shikamoo.

Goti likisema afadhali, wewe ukinyamaza ndiyo naogopa. Mama hataki kula. Daktari kasema apewe chochote anachotamani, na anachotamani ni pombe yake, kijiko kimoja. Kila asubuhi ananiuliza, "Mzee hajaleta?" Huwezi kuazima chachu kwa wenzake?

Mwanao

23 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nimezunguka mtaa mzima. Wote siku hizi wanatia hamira ya dukani. Ya mama yako ilinaswa hewani na bibi yako, kabla hata mimi sijanaswa.

Basi na mimi naitega hewani. Uji wa kimea, maganda ya matunda, mtungi wazi dirishani. Wa kwanza umeota ukungu wa kijani. Wa pili nzi wamefanyia harusi humo. Wa tatu ulitoa vipovu viwili, nikaukalia kutwa kama kuku. Kufika jioni ukanuka soksi. Niliuonja. Usiulize.

Nimetega wa nne. Chachu haifukuzwi mbio, huja ikitaka. Mwambie asubiri kidogo.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Asubuhi haulizi tena. Jana alifumbua macho mara moja, akasema, "Kijiko tu." Daktari kasema ni siku, si wiki. Njoo, hata mikono mitupu.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Nilifika kwenye basi. Mguu mmoja ukapanda ngazi, mwingine ukakataa, abiria wote wakinitazama. Kondakta akanirudisha kwenye benchi taratibu, kama trei ya mayai. Nyumbani nikafunua mtungi wa nne. Ukungu.

Mimi nimefika mwisho wa akili yangu, na haikuwa safari ndefu.

Nunua chupa moja ya bia ya dukani. Imimine kwenye kikombe, iache gesi iishe, kamulia ndimu kidogo. Mlowanishe midomo, sema imetoka kwa mzee. Akikunja uso, sema mzee ameiharibu, hilo halitamshangaza.

Ulipokuwa darasa la tatu ukavunja kioo chake, nilisema ni mimi, nikanuniwa mwezi mzima. Sijawahi kukudai. Leo nakudai uongo mmoja tu.

Baba yako