Volti Tisa za Kompyuta ya Baba

Kaka Deo, shikamoo.

Kompyuta ya marehemu baba iliungua Jumapili ya Pasaka, mchana, na aliyeiunguza ni wewe. Naanza na hilo kwa sababu mama umemwambia ilikufa kwa uzee.

Unakumbuka alipoinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago kwenye kambi ya wakimbizi? Kibodi nene tu, ukiichomeka kwenye televisheni ndiyo kompyuta. Tulibishania zamu mpaka ugali ukapoa. Siku moja ukaja na chaja ya redio. "Baba, imeingia!" Akakushika mkono: "Usiniambie imeingia, Deo. Niambie umepima." Mimi nikacheka, wewe ukanuna. Ile mita yake ya kupimia umeme ndiyo inayonilisha mpaka leo.

Pasaka umeme ukakatika, ikabaki televisheni ya sola tu, wanangu wakalilia mchezo wao. Ukavuta waya kutoka kwenye lori lako, kama mnavyofanya madereva kwenye foleni ya forodha Rusumo mkichaji simu. Nikasema, "Kaka, subiri nilete mita." Ukanijibu, "Fundi simu, tulia. Betri ya gari ni volti kumi na mbili, dunia nzima."

Ya gari dogo, sawa. Lori lako lina betri mbili zilizoungwa pamoja: ishirini na nne. Mashine inaomba tisa. Ndani kuna kidhibiti kinachozishusha hadi tano. Zinazozidi kinazigeuza joto. Tisa toa tano, nne. Ishirini na nne toa tano, kumi na tisa. Joto karibu mara tano, kaka! Ulitegemea nini kama si moshi?

Nimeitengeneza. Nimebadilisha kidhibiti na chipu mbili, nikafuata njia za shaba kwenye bodi mpaka nikajua katikati ya tundu la chaja ni hasi, si chanya kama chaja nyingi za siku hizi. Chaja niliyoipata imeandikwa tisa, na nimeipima: tisa kweli. Ampea zake zimezidi, hizo hazina neno, mashine huchukua inazohitaji tu. Itawaka. Sina wasiwasi nayo.

Wasiwasi wangu ni wewe. Tangu Pasaka unapita Rusumo na lori hupigi hata honi, na mama ananiuliza amekukosea nini.

Basi nijibu moja kwa moja: utamwambia mwenyewe kwamba hukupima, au nimwambie mimi? Nataka jibu kabla ya Jumamosi hii, saa sita mchana. Saa sita ikifika naiwasha. Mama atakaa kwenye kiti cha baba, na kiti cha pembeni yake nimeshakifuta vumbi.

Mdogo wako,
Leokadia