Kiti cha Bwana Sonpal

Guangzhou,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu mpenzi Shifa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, dada. Hali yako? Magoti yanakusumbua na mvua hizi? Na wajukuu, wale watundu, hawajambo? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo hauna raha, na utaona kwa nini. Barua hii nimempa Mwanakhamis, anayetangulia kurudi nyumbani, akutie mkononi, maana simu yako kila mtu hapo nyumbani anaisoma. Tafadhali kaa kitako kwanza, tena uisome peke yako.

Dada, Bwana Sonpal amefariki. Ndiyo, yuleyule Harkishan Sonpal wa Kisutu, mwandishi wa tamthilia za Kigujarati. Alikuwa hapa Guangzhou mwaka wa pili huu, nami nilijua, wala sikukwambia. Ulipopiga simu Ramadhani ukauliza, kama utani, iwapo huku hawapo Wahindi wa Dar wa zamani, nilikujibu kwamba wapo wengi na siwafahamu. Nilikuwa nimetoka kunywa naye chai baada ya futari.

Aliletwa na mpwa wake anayeuza vitambaa pale soko la Zhongda, maana mkewe alikwisha kufa na macho yake yalikuwa yanafifia. Nilikwenda kumchagulia mteja vitambaa, nikamkuta kakaa katikati ya majora. Aliposikia Kiswahili changu aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia jina la baba akauliza kama wewe u mzima. Nikasema u mzima.

Mtu yule hakuacha kutunga hata siku moja. Yeye anasema, mpwa anaandika, na wanunuzi wa pale dukani amewageuza waigizaji. Patrice, Mkongo wa Lubumbashi anayefuata vitenge, alipewa nafasi ya mume. Laoban wa duka la jirani, bosi wa kike mwenye sauti ya kugombeza, akawa mama mkwe, anasema Kichina chake na Patrice anamjibu Kifaransa, eti ndivyo mzee alivyotaka. Na kati yao kiti kitupu. Patrice alilalamika kwamba yeye ni baba mzima wa watoto, ataulizaje kiti, Zhongda nzima itasema amerukwa na akili. Mzee akamwambia aulize tu, asubiri jibu, lisipokuja aendelee.

Kiti hicho ndicho kilichompa jina. Kimo katika tamthilia zake zote, na katika riwaya yake ya mwisho yupo mwanamke ambaye kila zamu yake ya kusema ikifika, karatasi inaachwa tupu. Mwanzo kule Gujarat alikohamia watu walimcheka na kutoka ukumbini. Baadaye wasomi wakaandika kwamba kiti ni Mungu, wengine wakasema ni nchi aliyoiacha. Naye aliwaacha waseme. Mimi aliniambia kweli, na nadhani wewe ulikwisha kuijua kabla yangu. Ni siku ile ukumbini Kisutu, wewe msichana wa miaka kumi na saba, unaigiza mke katika tamthilia yake, umekua mlango kwa mlango na Wahindi hadi Kigujarati chako kikawashinda wenyewe, baba alipopanda jukwaani na bakora yake akakushusha mbele za watu, neno lako la mwisho hujalisema. Sonpal hakumpa mwigizaji mwingine nafasi ile. Maisha yake yote aliandika huku amekuwekea pa kukaa.

Mwezi uliopita, katikati ya mazoezi, alimwambia Patrice akiondoe kiti. Patrice alidhani hakusikia vizuri. Mzee akarudia kwamba hakuna tena anayengojwa. Yule mama wa Kichina, asiyejua hata salamu yetu, alilia. Tangu hapo mzee hakutunga tena, chakula kikawa kinarudi kama kilivyopelekwa, na Jumanne mpwa wake alimkuta amekufa kitandani. Wamemchoma hukuhuku, majivu yanapelekwa Gujarat. Wote wanajiuliza nini kilimkatisha tamaa ghafla vile. Mimi najua.

Dada, nilimwambia umekufa.

Alikuwa akiniomba nikupigie simu ulimalizie lile neno, mara moja tu, alisikie. Kila nikienda Zhongda ni hilo. Nikamwambia unaumwa, nikamwambia umesafiri, naye anangoja tu. Nikawaza: wewe mwalimu wa chuo cha Kurani, mjane wa mtu wa heshima, na wakwe zako wale midomo haiwatulii. Lakini nisikudanganye, sikuwa nakulinda. Nilichoka kuombwa, basi, nikalitamka.

Lo! Sikujua atafanya nini. Alikwenda na fimbo yake hadi kwa Marijani, mkubwa wetu Watanzania wa hapa, akamweleza kwamba Abdulwakil amefiwa na dada yake na anaficha msiba. Unawajua watu wetu. Ijumaa ileile nilikuta chumba changu kimejaa, majuzuu yamegawiwa, ubani unafuka, halua imeshakatwa. Ningesema nini? Nilikaa nikapokea pole, dada, ukasomewa hitma nawe u hai. Na Sonpal, Baniani wa watu, alikaa karibu na mlango na kofia ya kuazima, hafahamu hata neno, anaitikia amina nyuma ya wenzake. Toba, sauti ile hainitoki masikioni.

Nakuandikia sasa kwa sababu waliosoma hitma ile mizigo yao imeshapakiwa bandarini Nansha na wenyewe wanarudi nyumbani. Watakuja kuwapa watoto wako pole, na wewe ndiye utakayewafungulia mlango. Waambie ndugu yako ni mwongo. Usinisitiri.

Neno lenyewe alinitajia, ingawa alisema wewe hujalisahau. Mume anaingia nyumbani gizani, anauliza kama kuna mtu, na mke anajibu: nipo, bado nipo. Naomba hao watu wakibisha hodi, uwajibu hivyohivyo, kwa sauti, na kwa Kigujarati chako. Najua mzee mwenyewe hatasikia.

Wasalimu wajukuu na majirani wote. Ukiweza kunisemesha tena, nitashukuru. Usipoweza, ni haki yako.

Nduguyo aliyekuzika ungali hai,
Abdulwakil